Chokoleti na Peremende za Sikukuu: Tusome Nini Kwenye Boksi Kabla ya Kununua?



Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Kila sikukuu inapokaribia tunapokea maswali mengi kuhusu chokoleti, peremende na vitu vitamu vinavyotoka nje. Safari hii tumeletewa swali na mama mmoja wa Unguja, na tumeona tulijibu kwa urefu kwa sababu lililomkuta yeye linaweza kuikuta nyumba yoyote kati yetu.

Shemeji yake anayeishi Marekani alikuja likizo, na kama ilivyo kawaida hakuja mikono mitupu. Alileta maboksi mawili ya chokoleti. Moja alilinunua huko huko Marekani, na la pili katika uwanja wa ndege wa Ulaya alipobadilisha ndege. Kijana mmoja wa nyumbani akalisoma boksi la kwanza, akaona limeandikwa "chocolate liquor", akasema hii ina pombe. Boksi zima likatupwa jaani. Boksi la pili lilikuwa la rangi ya dhahabu, la kupendeza, na chokoleti zake zina umbo la vichupa vidogo. Hilo hakuna aliyelisoma. Watoto walikula, mpaka bibi yao alipochukua moja, akaiuma, akaitema.

Mama anauliza: Je, watoto wamepata dhambi? Vilivyobaki avifanye nini? Amwambie shemeji au anyamaze asije akamvunjia heshima? Na sikukuu ijayo ajue vipi cha kununua?

Ndugu zetu, boksi lililotupwa halikuwa na tatizo, na lililoliwa ndilo lililokuwa na pombe. Kosa halikutokana na kukosa hofu ya Allah. Lilitokana na kutojua maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Hivyo tutaanza na maneno hayo, kisha tutarudi kwa mama huyu na maswali yake.

Asili ya vitamu ni halali

Kwanza tukumbushane kwamba kitu kitamu ni katika neema za Allah. Bi Aisha (R.A.) ameeleza, katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Na msingi waliouweka wanazuoni ni kuwa vyakula kwa asili ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha. Katika Suratul Baqarah aya ya 168 Allah amewaamrisha watu wale vilivyo halali na vizuri. Na katika Suratun Nahl aya ya 116 amewakemea wanaosema hiki halali na hiki haramu kwa uongo.

Kwa hiyo mzazi ana mambo mawili ya kuyachunga kwa pamoja: asiwalishe watoto haramu, na asiharamishe asichokijua. Katika kisa cha mama huyu yote mawili yalitokea siku moja.

Pombe ndani ya chokoleti

Kakao ni mbegu. Mbegu zikishachachushwa, zikaanikwa, zikakaangwa na kusagwa, hutoka uji mzito wa kahawia. Uji huo ndio unaoitwa "chocolate liquor" au "cocoa liquor" kwenye maboksi ya Marekani na baadhi ya nchi nyingine. Maboksi ya Ulaya mara nyingi huuita "cocoa mass". Jina linatisha, lakini ni kakao tupu iliyosagwa na hauleweshi. Vivyo hivyo "cocoa butter" ni mafuta ya kakao yenyewe, si siagi ya ng'ombe wala mafuta ya mnyama yeyote. Na ukikutana na "sorbitol" au "maltitol" kwenye vitamu visivyo na sukari, wataalamu huviweka katika kundi wanaloliita alkoholi za sukari, lakini si vileo.

Neno la kuogopa ni "liqueur". Linafanana sana na lile la mwanzo, ila katikati lina herufi "eu". Hili ni jina la pombe tamu. Maneno mengine ya pombe ambayo huonekana katika orodha ya vilivyomo ni "rum", "brandy", "cognac", "whisky", "kirsch", "champagne", "marsala" na "vodka". Chokoleti za vichupa na zile za mviringo zenye maji maji ndani na tunda la cheri ndizo zinazohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Si zote zina pombe, lakini nyingi zinayo, na ni pombe ya kweli. Uingereza, sheria ya leseni ya mwaka 2003 ilikataza kuwauzia chokoleti za aina hii watoto walio chini ya miaka 16. Katazo hilo likaondolewa mwaka 2015, ila inatosha kuonesha kwamba hata wasiokuwa Waislamu waliziona kuwa si peremende za kawaida.

Hukumu yake iko wazi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, basi hata kidogo chake ni haramu. Kwa hiyo haisaidii kusema kwamba kilichomo ni tone moja, au kwamba mtu halewi kwa chokoleti mbili.

Ama vanila na ladha nyingine, suala lake ni tofauti kidogo. Viwandani hutumika spiriti kidogo kuyeyushia ladha, na sehemu kubwa yake hupotea chakula kinapopikwa. Mwezi Mei 1995 ulifanyika mjini Kuwait mkutano wa wanazuoni na matabibu ulioandaliwa na Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba. Mkutano huo ulitenganisha mambo mawili. Chakula kilichotiwa pombe yenyewe, na chokoleti ikatajwa miongoni mwa mifano, hakifai kuliwa. Lakini chakula ambacho spiriti imetumika kwa uchache tu, ili kuyeyusha rangi au ladha, kimeruhusiwa kwa sababu jambo hilo limeenea na ni zito kuliepuka. Mwenye kutaka kujiweka mbali na hata hilo, uchamungu wake ni wake, ila asiwalazimishe wengine.

Na peremende iliyoandikwa ladha ya ramu bila ya kuwa na ramu ndani? Kama imethibiti kwamba haina kileo, hatuwezi kuiita haramu. Lakini nasaha yetu kwa wazazi ni kuiacha. Hakuna haja ya mtoto kuzoea ladha ya kitu tunachomkataza.

Jelatini

Jelatini ndiyo inayozipa peremende laini ule mnato wa kutafunika na kuvutika. Zile za umbo la dubu na nyoka, na zile nyeupe za kubonyea kama sponji, nyingi hutengenezwa kwayo. Hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ulaya, chanzo kikubwa cha jelatini ya chakula ni ngozi ya nguruwe. Nyingine hutoka kwa ng'ombe, na nyingine kwa samaki.

Wanazuoni wamejadili: je, ngozi ya nguruwe ikigeuzwa kiwandani inakuwa kitu kipya kilichotoharika, kama pombe inavyogeuka siki? Wapo waliosema ndiyo, wakiwemo waliohudhuria mkutano huo wa Kuwait. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, najisi ya asili haitohariki kwa kugeuzwa isipokuwa katika mambo machache, kama pombe kugeuka siki yenyewe na ngozi ya mnyama kudibaghiwa, na ngozi ya nguruwe haimo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, katika kikao chake cha mwaka 1986 mjini Amman, liliamua kwamba haifai kutumia katika chakula jelatini iliyotokana na nguruwe, maana ipo ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisheria inayotosheleza. Na hilo ndilo tunalolishikilia katika jibu hili.

Ieleweke pia kwamba kuandikwa "beef gelatine" peke yake hakutoshi. Ng'ombe ni halali, lakini akiwa hakuchinjwa kisheria anakuwa mzoga. Tunahitaji ithibati ya halali juu yake. Jelatini ya samaki haina tatizo. Pektini, ambayo hutoka kwenye matunda, na aga, ambayo hutoka kwenye mwani, nazo hazina tatizo, na sisi watu wa visiwani mwani tunaujua.

Hapa kuna mtego mmoja. Kampuni ikiwa moja na jina likiwa moja, haimaanishi kwamba kilichomo ni kimoja. Mfano ni Haribo. Peremende zake nyingi zinazotengenezwa Ujerumani zina jelatini ya nguruwe, na zile za kiwanda chake cha Uturuki hutumia jelatini ya ng'ombe na zina alama ya halali. Mfuko unafanana, dubu ni yule yule. Basi ndugu anayetuletea zawadi asitazame jina tu. Ageuze mfuko asome umetengenezwa wapi na una nini.

Namba za E

Wengi wametumiwa kwenye simu orodha ndefu za namba za E zikisema zote ni haramu. Hilo si sahihi. Namba ya E ni utaratibu wa Ulaya wa kuvipa namba viongezwa vya chakula. Vingine ni vya mimea, vingine vya wanyama, vingine ni madini. Kwa chokoleti na peremende, inatosha kuzijua hizi:

E322 ni lesithini. Kwenye chokoleti mara nyingi ni ya soya au alizeti, na haina shida.

E476 hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika na gliserini, ili chokoleti imiminike vizuri.

E471 hutokana na mafuta, na yanaweza kuwa ya mimea au ya mnyama. Hii ni ya kuulizia. Kama boksi limeandika ni ya mimea, au lina alama ya halali, basi yatosha.

E120 ni rangi nyekundu inayotolewa kwa mdudu mdogo anayeishi kwenye mkakati. Wanazuoni wa Shafi kwa kawaida hawaruhusu kula wadudu isipokuwa nzige. Malik wamelegeza zaidi, na Baraza la Wanazuoni wa Indonesia lilitoa fatwa ya kuiruhusu rangi hii mwaka 2011. Ni jambo lenye khilafu. Sisi tunashauri kuiacha pale ambapo mbadala upo, bila ya kumtuhumu aliyechukua kauli nyingine.

E904 ni kitu cha kung'arisha pipi, na ni utomvu unaotolewa na mdudu, si mwili wa mdudu mwenyewe. Wapo wanazuoni walioufananisha na asali, wakauruhusu.

Alama, na habari za kwenye simu

Njia nyepesi kwa familia ni alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Lakini alama ya halali si maandishi ya Kiarabu kwenye boksi, wala picha ya msikiti au ngamia. Tafuta jina la taasisi iliyothibitisha.

Bidhaa za India zinazouzwa madukani kwetu huwa na doa la kijani ndani ya mraba, likimaanisha hazina nyama wala sehemu ya mnyama aliyeuliwa. Ulaya zipo alama za namna hiyo kwa watu wasiokula nyama. Alama hizi zinasaidia sana kuhusu jelatini. Lakini hazisemi chochote kuhusu pombe, kwa sababu pombe si nyama. Ukiiona alama hiyo, bado soma vilivyomo.

Na kukosekana alama ya halali si dalili ya uharamu. Mwaka 2018 kiwanda cha Toblerone cha Bern, Uswisi, kilipata ithibati ya halali. Watu wengine wakadhani chokoleti imebadilishwa. Kampuni ikaeleza kwamba utengenezaji wake ulikuwa vile vile kama zamani. Kilichoongezeka ni ithibati.

Kuna na upande wa pili. Mwezi Mei 2014 Wizara ya Afya ya Malaysia ilitangaza kwamba aina mbili za chokoleti ya Cadbury zimekutwa na chembe za nguruwe. Bidhaa zikaondolewa madukani, watu wakakasirika, na wapo waliotaka kampuni nzima isusiwe. Siku chache baadaye Idara ya Maendeleo ya Kiislamu ya nchi hiyo, JAKIM, ikapima sampuli zilizochukuliwa kiwandani kwenyewe, na haikukuta chembe hizo. Lakini taarifa ya mwanzo ndiyo iliyosambaa duniani, na kila baada ya muda hurudi kwenye simu zetu kama habari mpya. Allah ametufundisha katika Suratul Hujurat aya ya 6 kwamba ikija habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mwenye duka wa Darajani au Chake Chake anayeuza bidhaa halali, kisha sisi tukamsambazia uvumi, tumemdhulumu katika riziki yake.

Halali na nzuri

Aya imesema halali, na imesema nzuri. Kwa hiyo baada ya kujua kwamba ni halali, tutazame pia kama pesa yetu inakwenda mahali pake. Orodha ya vilivyomo huanza na kilicho kingi zaidi. Boksi likianza na sukari, kisha mafuta ya mawese, na kakao ikaja mwisho, hicho ni kitu chenye ladha ya chokoleti, hata kama bei yake ni ya kifahari. Chokoleti nzuri utaiona kwa kakao na mafuta yake ya kakao kutajwa mapema. Baadhi ya watengenezaji wa nje huandika kwa fahari kwamba kakao yao imetoka Tanzania, na kakao hiyo hulimwa sehemu kama Kyela na Kilombero.

Mafuta ya kakao huyeyuka kabla ya kufikia joto la mwili wa binadamu, ndiyo maana chokoleti nzuri huyeyuka mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo huharibika umbo katika joto letu. Ukiifungua ukakuta utando mweupe, aghalabu ni mafuta au sukari iliyopanda juu baada ya kuyeyuka na kuganda tena. Si lazima iwe kuvu, na haidhuru. Ila ni ishara kwamba haikuhifadhiwa vizuri, hivyo tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Miaka hii pia imeenea chokoleti ya pistashio na tambi za kunafa, ile inayoitwa ya Dubai. Asili yake ni Dubai, lakini sasa inaigwa katika nchi nyingi. Jina la Dubai si ithibati ya halali wala ya ubora. Soma boksi kama unavyosoma jingine lolote, na kama kuna mtoto anayedhurika na njugu au lozi, mwangalie zaidi.

Wala haijuzu tujitie dhiki kwa ajili ya sikukuu. Sinia ya haluwa, visheti, kashata na tende ni ukarimu uliotimia, na vilivyomo twavijua. Katika Suratul A'raf aya ya 31 tumekatazwa israfu.

Turudi kwa mama aliyeuliza

Watoto hawana dhambi, kwa kuwa hawajabaleghe na hawakujua. Na mtu mzima aliyekula bila ya kujua naye hana dhambi, kwani Allah hamchukulii mja kwa alichokosea. Asukutue mdomo, na ajifunze kwa mara nyingine. Lakini mtoto afundishwe. Al-Hasan (R.A.), mjukuu wa Mtume (S.A.W.), alipotia mdomoni tende ya sadaka akiwa mdogo, Mtume alimtaka aitoe, na akamweleza kwamba wao hawali sadaka. Alimzuia na akampa sababu. Nasi tufanye hivyo, kwa upole, bila ya kumpiga wala kumtisha mtoto.

Vilivyobaki katika boksi la dhahabu vitupwe. Asimpe jirani asiye Muislamu, wala asimuuzie mwenye duka la watalii. Imepokewa na Muslim kwamba mtu mmoja alimletea Mtume (S.A.W.) zawadi ya kiriba cha pombe, hakujua kwamba imeharamishwa. Alipoambiwa, akamnong'oneza mtu mwingine akiuze. Mtume akabainisha kwamba Aliyeharamisha kuinywa ameharamisha na kuiuza. Mtu yule akaimwaga. Na wafanyabiashara wetu nao wazingatie hilo.

Katika hadithi hiyo tunaona pia adabu ya zawadi. Mletaji hakutukanwa. Aliambiwa, akaelewa. Basi mama, mwambie shemeji yako. Kunyamaza si heshima, kwa sababu mwakani ataleta tena, na huko anakoishi watoto wake mwenyewe huenda wanazila. Mshukuru kwanza kwa kuwakumbuka, kisha muoneshe neno lenyewe kwenye boksi, mkiwa wawili, si mbele za watu. Na mwambie pia kwamba boksi lake la kwanza lilikuwa halali, na kwamba nyinyi ndio mliokosea kulitupa. Hilo litamfariji.

Na yule kijana aliyesoma asivunjwe moyo. Katika nyumba nzima ni yeye pekee aliyegeuza boksi akasoma. Alichokosa ni elimu ya neno moja, na alipaswa kuuliza kabla ya kutupa. Mpeni kazi hiyo sikukuu ijayo.

Mkiwa dukani, fanyeni hivi: geuzeni boksi msome vilivyomo, tafuteni majina ya pombe, tafuteni jelatini na mjue ni ya nini, tazameni alama na taasisi iliyoitoa, kisha tarehe. Mkikwama kwenye neno, lipigeni picha mmuulize anayejua. Na likibaki na shaka baada ya hapo, liacheni. Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki ya halali, azihifadhi familia zetu, na azitakabali ibada zetu. Amin.

Wallahu a'alam.